Python kwa kusoma nyakati za faili: chombo kizuri, ila getctime usiitegemee

Ukiingia ofisi ya kuondosha mizigo bandarini hapa Mombasa, iwe Moi Avenue au upande wa Shimanzi, utakuta kwenye kompyuta ya mbele folda iliyojaa PDF zenye majina kama scan0001, scan0001 mpya, scan0001 mpya ya mwisho. Mteja yuko kwenye simu, anataka hati ya shehena iliyorekebishwa jana, na karani hajui ni ipi. Jina halitamsaidia. Kitakachomsaidia ni nyakati ambazo mfumo wa kompyuta huziandika kwa kila faili, na lugha ya Python ina vifaa kadhaa vya kuzisoma: os.stat, pathlib, os.path, os.scandir, pamoja na datetime na zoneinfo za kugeuza saa. Vifaa hivyo ndivyo tunavyovipima hapa, kwa ajili ya mtu anayeandika skripti za ofisi, studio ya picha, saiba au maabara ya chuo.

Kauli yetu tunaitoa mapema. Kwa kazi hii Python inazishinda lugha nyingi zinazotumika hapa mjini, kwa sababu inakupa namba kama ilivyotoka kwenye mfumo bila kuipamba, na faili isipokuwepo inakwambia waziwazi. Ina udhaifu mmoja mkubwa: kuna jina moja, ctime, ambalo kwenye Windows lina maana yake na kwenye Linux lina maana nyingine kabisa. Shida nyingine nyingi zinazotupiwa Python si zake. Ni za flashi, za saa ya kompyuta yenyewe, au za programu iliyonakili faili.

Matumizi ya kawaida

Mistari mitatu yatosha kuanza:

```
from pathlib import Path
s = Path("D:/skani/scan0001.pdf").stat()
print(s.st_mtime, s.st_size)
```

Namba ya kwanza ni mtime, wakati yaliyomo kwenye faili yalipobadilishwa mara ya mwisho, na itatoka kama 1751353200.0. Hizo ni sekunde zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1970, saa sita usiku kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia. Namba hii haina eneo. Mombasa, Dubai na Mumbai ni ileile. Eneo linaingia pale tu unapoigeuza kuwa tarehe ya kusomeka. Hiyo ya mfano ni tarehe 1 Julai 2025, saa moja asubuhi kwa UTC, yaani saa nne asubuhi hapa pwani.

Kuna njia fupi zaidi, os.path.getmtime, inayorudisha namba hiyohiyo kwa mstari mmoja. Haina ubaya ukitaka wakati peke yake. Lakini ukihitaji na ukubwa wa faili, usiite getmtime kisha getsize: utakuwa umeuliza mfumo mara mbili, na katikati ya maswali hayo skana inaweza kuwa imeandika kurasa nyingine. Ita stat mara moja, uweke jibu kwenye kigezo, uchukue yote humo.

Kutafuta faili mpya kuliko zote ndiyo kazi inayoombwa zaidi, na Python inaifanya vizuri:

```
mpya = max(Path("D:/skani").glob("*.pdf"),
           key=lambda f: f.stat().st_mtime_ns,
           default=None)
```

Usiiache hiyo default=None. Bila hiyo, folda ikiwa tupu skripti hufa kwa ValueError, na folda za skana huwa tupu kila Jumatatu asubuhi. Kwenye Linux kuna mtego mwingine: "*.pdf" haiziokoti faili zinazoishia kwa .PDF, na skana kadhaa huandika kwa herufi kubwa. Kuanzia Python 3.12 unaweza kuongeza case_sensitive=False kwenye glob. Na ukitafuta hati za Word badala ya PDF, ziondoe zile zinazoanza na ~$. Hizo ni faili ndogo ambazo Word huzitengeneza hati ikiwa wazi, na kwa kuwa ndiyo kwanza zimezaliwa, mara nyingi ndizo zinazoshinda kwenye max.

Faili inaweza pia kutoweka kati ya kuorodheshwa na kusomwa, hasa folda ikitumiwa na watu kadhaa kwenye mtandao wa ofisi. Hapo utapata FileNotFoundError. Weka stat ndani ya try na uiruke faili hiyo. Usiache ripoti nzima ianguke kwa ajili ya karatasi moja iliyofutwa.

ctime

Hapa ndipo tunapoipunguzia Python alama.

Kwenye Linux, st_ctime ni wakati ambapo taarifa za faili zilibadilika mara ya mwisho: ruhusa, mmiliki, jina, au yaliyomo. Ukitumia chmod, amri ya kubadili ruhusa, ctime inasogea. Ukibadilisha jina, inasogea. Haina uhusiano na siku faili ilipozaliwa. Kwenye Windows, st_ctime hiyohiyo kwa miaka yote imekuwa ni wakati wa kuzaliwa kwa faili. Skripti iliyoandikwa kwenye laptopu ya Windows ikahamishiwa seva ya Linux haitatoa kosa lolote. Itaendelea kutoa tarehe nzuri, zilizonyooka, zisizo na maana uliyoikusudia. Kosa la aina hiyo ni baya kuliko programu kuzima, kwa kuwa hakuna anayeliona mpaka mteja alalamike.

Wenye Python wameliona hilo. Toleo la 3.12 limeanza kuiacha maana hiyo ya Windows na kuongeza st_birthtime mahali pake; siku za mbele ctime ya Windows itakuja kulingana na ya mifumo mingine. Kwa hivyo usiandike getctime kwenye kazi mpya. Andika hivi:

```
kuzaliwa = getattr(s, "st_birthtime", None)
```

Windows yenye 3.12 kwenda juu na macOS zitakupa namba. Linux itakupa None, kwa kuwa os.stat huko haibebi taarifa hiyo, hata pale ambapo diski ya ext4, mpangilio wa kawaida wa diski za Linux, imeiweka. Ukiihitaji kwa lazima kwenye Linux, amri ya stat yenye %w huionyesha kwenye mifumo ya miaka ya karibuni, na skripti yako inaweza kuiita kwa subprocess. Si njia ya kupendeza, lakini inafanya kazi.

Swali la kujiuliza kabla ya hayo yote ni kama wakati wa kuzaliwa unakufaa kweli. Kwenye Windows, ukinakili faili kutoka folda moja kwenda nyingine, nakala hubaki na mtime ya zamani lakini hupewa wakati mpya wa kuzaliwa. Matokeo yake ni hati iliyorekebishwa mwezi wa tatu na kuzaliwa mwezi wa saba. Si virusi wala si udanganyifu, ndivyo mfumo ulivyoundwa. Kinyume chake pia kipo: ukifuta faili kisha ukatengeneza nyingine yenye jina lilelile, folda ileile, ndani ya sekunde 15, Windows huipa ile mpya wakati wa kuzaliwa wa marehemu. Programu nyingi huhifadhi kazi kwa njia hiyo, zikiandika faili ya muda halafu kuibadilisha na ya zamani. Kwa kazi za ofisi, mtime ndiyo ya kushika.

Kuhusu atime, wakati wa kufunguliwa mara ya mwisho, hatuna mengi. Linux tangu mwaka 2009 huunganisha diski kwa relatime, maana yake atime husasishwa pale tu inapokuwa nyuma ya mtime au ctime, au ikiwa imepitwa na saa 24. Seva nyingi huizima kabisa kwa noatime. Usiitumie kumuuliza karani kama aliifungua hati au hakuifungua.

Namba yenye desimali na namba kamili

st_mtime ni namba ya desimali, na kwa sekunde za miaka hii uwezo wake wa kutofautisha unaishia kwenye nanosekunde 238 hivi. NTFS, mpangilio wa kawaida wa diski za Windows, huhesabu kwa vipande vya nanosekunde 100, na ext4 ya kawaida kwa nanosekunde moja. Kwa hiyo faili mbili zenye nyakati tofauti zinaweza kuonekana sawa, na ukirudisha namba hiyo kwenye nakala kwa os.utime, nakala haitalingana na asili. Dawa ipo tangu Python 3.3: st_mtime_ns, ambayo ni namba kamili isiyopoteza kitu. Ukilinganisha, tumia ya ns. Ukionyesha kwa mtu, geuza kuwa datetime, ukijua kwamba datetime inaishia kwenye mikrosekunde.

Hata hivyo, nanosekunde zisikupe imani iliyozidi. Linux kwa muda mrefu imechukua wakati wa faili kutoka saa inayosogea kwa hatua za milisekunde chache, 4 kwenye mipangilio mingi. Faili mbili zilizoandikwa ndani ya hatua moja hupata wakati mmoja hadi tarakimu ya mwisho. Kerneli (kiini cha Linux) 6.13 imeboresha jambo hili, lakini seva nyingi bado ziko nyuma yake. Mpangilio wako usitegemee mtime peke yake. Ongeza jina la faili kama kigezo cha pili.

Saa za hapa

datetime.fromtimestamp(s.st_mtime) bila nyongeza hutumia saa za eneo la kompyuta inayoendesha skripti. Kwenye laptopu iliyopangwa vizuri utapata saa ya Kenya. Kwenye seva ya kukodi, ambayo karibu kila mara iko kwenye UTC, utapata saa tatu nyuma. Bandari ya Kilindini hufanya kazi usiku kucha, kwa hiyo hilo si jambo dogo: hati iliyoskaniwa saa saba na nusu usiku wa kuamkia tarehe 1 Julai itaandikwa tarehe 30 Juni, saa 22:30. Kila kitu kilichofanyika kati ya saa sita na saa tisa usiku kitaangukia siku ya jana, na mwisho wa mwezi kitaangukia mwezi uliopita.

Tumia eneo lililotajwa waziwazi. zoneinfo imo ndani ya Python tangu 3.9, na jina la kutumia ni Africa/Nairobi. Africa/Mombasa haipo kwenye orodha. Ukiiandika utapata ZoneInfoNotFoundError. Kosa hilohilo hutokea kwenye Windows hata ukiandika Nairobi sawasawa, kwa sababu Windows haina hazina hiyo ya maeneo, na sharti uiongeze mara moja kwa pip install tzdata. Kwenye kompyuta isiyo na intaneti, epuka safari hiyo. Kenya haisogezi saa kwa majira, iko UTC+3 mwaka mzima, hivyo hii inatosha:

```
from datetime import datetime, timedelta, timezone
EAT = timezone(timedelta(hours=3))
leo = datetime.now(EAT).replace(hour=0, minute=0,
                                second=0, microsecond=0)
jana = leo - timedelta(days=1)
ya_jana = jana.timestamp() <= s.st_mtime < leo.timestamp()
```

Tunaipenda tabia moja ya Python hapa: ukijaribu kuuliza ipi imetangulia kati ya datetime yenye eneo na isiyo na eneo, inakataa kwa TypeError. Wapo wanaoiona usumbufu. Ukweli ni kwamba inakuokoa na tofauti ya saa tatu ambayo ungeigundua baada ya wiki. Na utcfromtimestamp iache kabisa, tangu 3.12 imewekwa kwenye orodha ya kuondolewa, kwa kuwa inarudisha saa ya UTC isiyosema kuwa ni ya UTC.

Kama ripoti itasomwa na watu wa godauni au madereva, watasoma saa kwa Kiswahili, na kugeuza ni hesabu moja: (d.hour - 6) % 12 or 12. Saa 7 inatoa 1, saa 18 inatoa 12, saa 0 inatoa 6. Kwa maneno ya nyuma yake, alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, usiku, weka mipaka yako mwenyewe, lakini chapisha tarehe kwa tarakimu kila mara. Kompyuta hubadilisha siku saa sita usiku, ilhali kwa watu wengi wa pwani usiku wa Ijumaa ni ule unaoanza Alhamisi baada ya magharibi.

Flashi, na saa zilizopangwa vibaya

Flashi za GB 32 kushuka mara nyingi huwa na FAT32, mpangilio wa zamani wa diski, na FAT32 huhifadhi mtime kwa hatua za sekunde mbili. Sekunde zote zitakuwa shufwa. Ukiona orodha ndefu ya faili ambazo hakuna hata moja yenye sekunde ya witiri, jua kwamba zimepitia flashi ya namna hiyo au faili ya ZIP, ambayo nayo ina kawaida hiyohiyo. Ndiyo maana skripti za bakapu zinazouliza kama nyakati mbili ni sawa kabisa hunakili folda nzima upya kila siku: asili iko kwenye NTFS ikiwa na vipande vidogo, nakala iko kwenye flashi ikiwa imekatwa. Linganisha hivi badala yake: abs(a.st_mtime - b.st_mtime) <= 2, pamoja na ukubwa kuwa sawa.

FAT32 ina jambo zito zaidi. Haihifadhi UTC, inahifadhi saa iliyoonekana ukutani, bila kusema ni ukuta wa wapi. Windows huigeuza kwa kutumia eneo ililopangiwa. Linux hutegemea flashi ilivyounganishwa, na kuna chaguo la tz=UTC na la time_offset. Ukiona kila faili ya flashi imesogea saa tatu kamili ukiwa kwenye Linux, usiongeze saa tatu kwenye msimbo wako; unganisha flashi upya kwa time_offset=180.

Sasa kwenye tatizo ambalo limewachosha mafundi wengi. Windows ikiwekwa kwa mpangilio wa Marekani mara nyingi hubaki na eneo la Pacific. Fundi anaona saa si sahihi, anaisogeza kwa mkono mpaka ilingane na simu yake, anaondoka. Pale kwenye kona ya kioo kila kitu ni sawa. Ndani, kompyuta inaamini kwamba saa nne asubuhi ya Julai ni saa nne asubuhi ya California, na inaandika kwenye NTFS wakati wa UTC ulio saa 10 mbele ya ukweli. Majira ya baridi ya huko huwa saa 11. Faili hiyo ikifika kwenye kompyuta iliyo sawa kupitia mtandao wa ofisi, itaonekana imehifadhiwa saa mbili usiku, na skripti inayohesabu umri kwa time.time() - s.st_mtime itatoa namba hasi. Ikipitia flashi ya FAT32, kosa linajificha, maana kilichosafiri ni saa ya ukutani. Hati ileile kwa njia mbili inaonyesha nyakati mbili, na lawama inaangukia Python.

Namba hasi ya umri basi ni zawadi. Usiifiche kwa abs wala kwa max(0, ...). Iandike kwenye ripoti kama onyo, pamoja na jina la kompyuta iliyotoa faili.

Mwenzake wa tatizo hilo ni betri ya CR2032 iliyo kwenye ubao mama. Ikifa, kompyuta ikizimwa na stima ikipotea, saa hurudi miaka mingi nyuma. Utaiona kwa tarehe za zamani zilizorundikana kwenye faili za wiki hii, na kivinjari kikilalamika kuhusu vyeti vya tovuti. Badilisha betri kabla ya kurekebisha msimbo.

Kinachofuta wakati njiani

Ndani ya Python yenyewe, shutil.copy haihifadhi mtime; shutil.copy2 inajaribu kuihifadhi. Herufi moja tu, na bakapu nzima inapata tarehe ya leo. zipfile.extractall nayo haikurudishii nyakati za zamani: kila faili iliyotoka ina wakati wa kufunguliwa. Wakati wa asili umo kwenye date_time ya kila ZipInfo, bila eneo, na unaweza kuurudisha mwenyewe kwa os.utime. Hili tunalihesabu kama pungufu, kwa kuwa tarfile inarudisha mtime bila kuombwa. Zaidi ya hapo, ukijaribu kuingiza kwenye ZIP faili yenye tarehe ya kabla ya mwaka 1980, zipfile hukataa isipokuwa umeweka strict_timestamps=False.

Kuhamisha ndani ya diski moja hakubadilishi mtime. Kushusha kwa kivinjari kwa kawaida kunaipa faili wakati wa kushushwa. Wget hujaribu kushika wakati uliotangazwa na seva, na curl hufanya hivyo ukiongeza -R. git clone hutoa wakati wa sasa kwa kila kitu.

Picha za WhatsApp zina mlango wao. Picha ikitumwa kama picha, hubanwa na taarifa zake za kamera huondolewa, na mtime ya kwenye kompyuta haitakwambia lini kontena lilipigwa picha. Jina kama IMG-20250701-WA0007 hukupa siku tu. Waombe watu wa yadi watume kama hati, si kama picha. Hapo utaweza kusoma wakati wa kamera kwa Pillow, maktaba ya picha ya Python:

```
from PIL import Image
ifd = Image.open("kontena.jpg").getexif().get_ifd(0x8769)
print(ifd.get(0x9003))
```

Jibu huja kama 2025:07:01 10:00:00, nukta pacha hata kwenye tarehe, na ni saa ya simu iliyopiga. Kwa PDF, pypdf ina metadata.creation_date, ambayo husafiri ndani ya faili na haiguswi na kunakili.

Kasi, na lugha nyingine

Kwa folda yenye maelfu ya faili kwenye Windows, os.scandir ina faida ya wazi: stat ya kila kipengele hupatikana pamoja na orodha, bila kuuliza mfumo tena. Kwenye Linux kila stat bado ni swali moja kwa mfumo, hivyo tofauti ni ndogo. Tahadhari moja: taarifa hiyo ya Windows inaweza kuwa imechelewa kwa faili ambayo bado inaandikwa. Kwa faili za namna hiyo ita os.stat yenyewe.

PHP, ambayo iko kwenye tovuti nyingi za hapa, ina filemtime inayotoa sekunde kamili tu, na hukumbuka jibu la kwanza mpaka uite clearstatcache. Ukiongeza kwamba date yake bila mpangilio hutumia UTC, utaelewa kwa nini tovuti nyingi huonyesha saa tatu nyuma. C# ina tabia tunayoiona hatari: File.GetLastWriteTime ya faili isiyokuwepo haitoi kosa, hurudisha tarehe 1 Januari 1601. Node, inayoendesha JavaScript, inaishinda Python kwenye jambo moja, birthtime kwenye Linux, pale diski inapoihifadhi.

Kama ushahidi

Kwenye mzozo wa nani alituma nini lini, mtime haitoshi. Mwenye faili au msimamizi wa kompyuta, na kwenye Windows hata mwenye ruhusa ya kuandika tu, anaweza kuibadilisha kwa os.utime au kwa touch -t 202501010800, bila kuacha alama ndani ya faili. Kwenye Linux ctime haibadilishwi kwa njia hiyo, na mtime ya zamani sana yenye ctime ya leo ni jambo la kuulizia, ingawa copy2 na kufungua tar huzaa hali hiyohiyo kihalali. Ofisi inayohitaji kuthibitisha hati ihesabu alama ya SHA-256, namba inayobadilika yaliyomo yakiguswa, siku ileile hati inapoingia, kwa hashlib.file_digest iliyopo tangu 3.11, na kuiandika pamoja na st_mtime_ns na ukubwa kwenye rejista ambayo makarani hawaifuti.

Kwa anayeanza, weka Python 3.12 au ya juu yake kwenye mashine zote, ili st_birthtime ifanane kwenye kila Windows. Kisha, kabla ya kuandika mstari wowote wa ripoti, endesha hii kwenye kila kompyuta ya ofisi:

```
python -c "import time; print(time.timezone)"
```

Inayosema -10800 iko sawa. Inayosema 28800 iko Pacific. Badilisha eneo kwanza, halafu saa, halafu uzitenge faili zote ilizoandika hadi siku hiyo.